Mkataba wa mwaka, kodi ya mwezi: hesabu inayomhusu mtoto wa mpangaji

Kiongozi akisimama jukwaani na kusema wenye nyumba waache kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wapangaji hupiga makofi. Wana haki ya kupiga. Chukua chumba cha kawaida hapa Tanga, Makorora au Mwanzange, tuseme cha shilingi 40,000 kwa mwezi. Mpangaji mpya anatakiwa kutoa 240,000 za mwenye nyumba na 40,000 za dalali, kabla hajakodi kirikuu cha kuhamishia vyombo. Mama anayeuza vitumbua hana fedha hiyo ndani. Ataisubiri zamu yake ya upatu, au atakopa kwenye kikoba, kisha watoto wale ugali na mlenda mpaka deni liishe.

Lakini makofi yale yanashangilia nusu ya jambo. Mama huyo huyo akishalipa, anajua kwamba mpaka miezi sita iishe hakuna atakayemgongea mlango na kumwambia atafute kwingine. Mwenye nyumba fedha ameshazila, na kumtoa mtu maana yake ni kuzirudisha. Kwa hiyo kodi ya mkupuo, pamoja na ubaya wake wote, ndiyo kinga pekee aliyonayo mpangaji wa uswahilini. Ukiipiga marufuku bila kuweka kitu mahali pake, umempunguzia mzigo mfukoni na umemnyang'anya muda. Anayelipa kwa mwezi hutolewa kwa mwezi. Na penye watoto, mimi nahesabu muda kuwa na thamani kuliko unafuu wowote wa bei.

Sheria zetu zimeuacha muda huo uelee. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu upangaji wa mwaka mmoja au pungufu uwe wa mdomo tu, na upangaji usiotajiwa mwisho wake huhesabiwa kwa kipindi cha malipo: notisi ya kuuvunja isipungue kipindi hicho. Zamani tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1984. Hiyo ilifanya mambo mawili kwa pamoja. Ilibana bei, na ilimzuia mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila sababu inayotambulika na bila amri ya chombo cha sheria. Ilipofutwa mwaka 2005, vyote viwili viliondoka. Kuhusu bei sina malalamiko makubwa, maana mwenye nyumba akibanwa bei huacha kuziba bati linalovuja, na anayelowa ni mpangaji. Ila kinga ya muda haikuwa na kosa lolote, nayo ikatupwa pamoja na mwenzake.

Ukitaka kuona kilichobaki, omba uoneshwe mkataba katika nyumba yoyote ya Ngamiani. Utaletewa daftari la shule lililochanika jalada. Ndani, kwa kalamu ya bluu: "Nimepokea kodi miezi 3, wa nne mpaka wa sita, chumba cha kushoto karibu na uani." Tarehe, sahihi, basi. Mpangaji ameandikwa Baba Fulani, hata kama kodi hiyo imetolewa na mama. Hakuna neno juu ya notisi, wala nani atatengeneza komeo la bafu. Kurasa za nyuma mtoto amefanyia hesabu za kugawanya, na mwalimu wa tuisheni amemwekea vema. Hiyo ndiyo hati ya makazi ya familia ya watu watano.

Sasa mwangalie huyo mtoto. Nyumba ya Kiswahili tunaijua: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, nyuma kuna ua wenye jiko, bafu na choo cha wote. Familia tano au sita zinapikia hapo. Mama mmoja anatoka alfajiri kwenda Deep Sea kuwahi samaki wa kukaanga, mwingine anakwenda Mgandini kwenye meza yake ya mchicha, na mtoto wa miaka mitatu anabaki kwa mama wa chumba cha pili. Hakuna karatasi inayosema hivyo. Kuna mwaka na nusu wa kuazimana chumvi, wa kupelekana hospitali ya Bombo usiku mtoto akipata degedege, wa kugombana kwa ajili ya maji na kupatana kabla ya Idi. Mama wa chumba cha pili anajua mtoto huyu anacheka na nani, anamkimbia nani. Mtu mzima akimwita mtoto chumbani kwake mchana, kuna jicho la kuuliza anamwitia nini.

Jirani huyo huyo anaweza kuwa hatari. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 na kutolewa 2011 ulionesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Miongoni mwa waliotajwa kuwatendea walikuwamo majirani. Wanaosema "mtoto alindwe na jamii" huwa hawalitazami hili usoni, kwamba jamii ni mlezi na mhalifu ndani ya korido moja. Mama anawatofautishaje? Kwa kuwaona watu kwa muda. Anamwona mwanamume wa chumba cha tano anavyolewa, anasikia wasichana wa nyumba wanavyomsema, na baada ya miezi minne au mitano anajua mwanawe asipite mlango ule. Mwanamke anayehama kila baada ya miezi mitatu anaufungua ukurasa upya kila mara, na Jumatatu ya kwanza lazima aende Deep Sea. Mtoto atamwacha kwa mtu ambaye jina lake amelijua Jumamosi.

Kwa macho yangu, uhusiano wa makazi na usalama wa mtoto uko hapa zaidi kuliko kwenye ubora wa bati na sakafu. Wataalamu wa nyumba hupenda kuhesabu vyumba, matundu ya vyoo na umbali wa maji, na mambo hayo yana uzito. Bafu lisilo na komeo ni hatari kwa msichana wa miaka 12 hata mama yake akikaa hapo miaka kumi. Ila komeo hudaiwa na mpangaji ambaye hana hofu ya kuambiwa ahame. Mwenye hofu hupachika kipande cha kanga mlangoni na kunyamaza.

Serikali yenyewe imejenga ulinzi wa mtoto juu ya watu kufahamiana. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza 2017, ulileta kamati za ulinzi mpaka ngazi ya kata na mtaa. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na kuna namba 116 ya kupiga bure. Vyote hivi vinasubiri mtu agundue kwamba mtoto amebadilika, kwamba amekuwa mkimya, anajikojolea, hataki kurudi nyumbani. Mwalimu aliyempokea wiki mbili zilizopita hawezi kujua kwamba ukimya huo ni mpya. Na ofisa ustawi akishafungua faili Msambweni, familia ikahamia Pongwe kwa sababu huko vyumba ni rahisi, faili linabaki Msambweni.

Kuna na shule. Shule za serikali hazina ada, kwa hiyo kuhama hakugharimu ada, lakini kunagharimu mambo mengine. Kalenda ya kodi haina habari na kalenda ya shule. Miezi sita ya mpangaji aliyeingia Februari inaisha Julai. Mwenye nyumba anasema, "Mama, mwanangu anaoa, chumba nakitaka." Mama anajibu, "Naomba basi mpaka mtoto afanye mtihani, yuko la saba." Mtihani ni Septemba. Anajibiwa kwamba mtihani wa mwanawe na chumba cha watu vinahusiana nini. Familia inahamia Pongwe au ng'ambo ya Kange, na mtoto hawezi kubadilisha shule kwa kuwa amekwisha kusajiliwa kufanyia mtihani pale alipo. Anaamka saa kumi na nusu usiku, anasimama barabarani gizani, konda anamwacha kwa sababu mwanafunzi analipa nauli ndogo. Atapata lifti. Kwenye lifti hiyo ndipo kesi nyingi za wasichana wetu zinapoanzia, na kwenye jalada la polisi hutaona neno kodi ya nyumba.

Tafiti za Marekani, ambako kufukuzwa nyumba hupitia mahakamani na kuandikwa, zimeonesha mara nyingi kwamba mama aliyetolewa nyumba huathirika afya ya akili, na kwamba watoto wanaobadilisha shule mara kwa mara hubaki nyuma kimasomo. Huku kwetu mpangaji huondoka kabla kesi haijaandikwa. Anaona haya, anapakia godoro na ndoo usiku, na asubuhi majirani wanaambiana amehama. Ndiyo maana wanasiasa wanaweza kusema hatuna tatizo la watu kufukuzwa majumbani.

Afrika Kusini walilitazama jambo hili moja kwa moja. Katiba yao ya 1996, kifungu cha 26, inasema hakuna mtu atakayetolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama iliyopima mazingira yote. Sheria yao ya 1998 ikaongeza kwamba mahakama iangalie haki na mahitaji ya wazee, watoto, wenye ulemavu na kaya zinazoongozwa na wanawake. Bunge la Uingereza nalo lilipitisha sheria mwaka 2025 ya kuiondoa, kwa upande wa England, notisi ya miezi miwili isiyohitaji sababu. Wenzetu wanaiona miezi miwili kuwa ukatili. Mpangaji wa Mabawa akipewa miezi miwili atamwita mwenye nyumba mcha Mungu.

Wala si kwamba serikali yetu haijui kuupima muda wa kuhama. Inaujua vizuri sana pale anayehamishwa ni mwenye mali. Kanuni za fidia ya ardhi za 2001 zinasema mwenye nyumba anayehamishwa kupisha mradi alipwe posho ya makazi sawa na kodi ya soko ya miezi 36, na usafiri wa mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20. Bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapa hapa Chongoleani, na watu wa Tanga walijifunza hesabu hizo kwa vitendo. Miezi 36! Mtu aliyeandika kanuni ile alielewa kwamba familia iliyong'olewa inahitaji miaka mitatu kusimama tena. Mpangaji anayeng'olewa chumba cha uani anaanguka vile vile, tena hana tani 12 za kusafirisha. Kwa nini yeye apewe mwezi?

Hata desturi yetu ina kipimo. Mume akifa, mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na sijui mwenye nyumba wa Ngamiani, hata awe mkali namna gani, anayethubutu kumtoa mjane aliye edani. Atapigwa na ulimi wa mtaa mzima, na msikitini ataonekana. Kodi ikipungua, majirani watachanga au mwenye nyumba atavumilia. Hakuna askari anayesimamia jambo hilo. Watu wamekubaliana tu kwamba kuna nyakati nyumba haiguswi. Nauliza kwa nini mtoto wa darasa la saba mwezi Agosti asiwe na heshima ya aina hiyo.

Tuligusie na lile la nyumba za urithi, maana nyumba nyingi za katikati ya mji wetu ni za wazee waliofariki. Warithi wako Dar, Mombasa na Muscat. Wakitaka mgawo, nyumba inauzwa, na wanaotoka ni wapangaji pamoja na mjane na yatima wa marehemu mwenyewe. Wazee wa pwani waliliona hilo zamani, ndiyo maana baadhi yao waliweka nyumba wakfu kwa kizazi chao, isiuzwe, isirithiwe, isitolewe zawadi. Siku hizi wakfu wa namna hiyo umekuwa haba, na ulioko mara nyingi una ugomvi. Bado nafikiri masheikhe wetu wangesaidia watoto wengi kwa kuuzungumza mara mbili tatu kwa mwaka kwenye hotuba za Ijumaa.

Nirudi kwa mwenye nyumba, kwa kuwa bila yeye hakuna sera itakayosimama. Huku kwetu mara nyingi ni bibi mjane anayeishi chumba cha mbele, na kodi za vyumba vitatu ndizo dawa zake za presha na unga wake wa mwezi. Mpangaji asiyelipa miezi minne anamuua njaa. Akimpeleka kwa mjumbe, atasikilizwa. Akienda Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Akienda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, atasubiri kuliko uwezo wake. Kwa hiyo anajilinda kwa silaha aliyonayo, yaani fedha ya mkupuo, na ulimi mkali. Ukimwekea sheria inayomlinda mpangaji mwenye watoto bila kumlinda yeye, atafanya lile ambalo madalali wameshaanza kulisema waziwazi: "Chumba kipo, ila mama mwenye nyumba hataki watoto." Sera ya kumlinda mtoto itakuwa imemfungia mtoto mlango.

Ndiyo maana nasema tutenganishe muda wa kukaa na muda wa kulipa. Mkataba uwe wa mwaka, kodi ilipwe kwa mwezi, na mwezi mmoja uwekwe dhamana. Mwaka wenyewe uwe wa shule: uanze Januari uishe Desemba, na anayeingia Aprili aandikishiwe mpaka Desemba kwanza. Mwenye nyumba akikitaka chumba chake, na anayo haki ya kukitaka, aseme kabla Septemba haijaisha, familia ihame likizo ya Desemba, mtoto aanze shule mpya Januari pamoja na wenzake. Katikati ya mwaka asitolewe mtu ila kwa kodi ya miezi miwili isiyolipwa, uharibifu, au ukatili. Na kwa hiyo kodi isiyolipwa, bibi yule apewe njia ya haraka: siku 30, baraza liamue. Bila hiyo sehemu ya mwisho sitaiunga mkono sera hii hata mimi.

Nimetaja ukatili kwa sababu kuna nyumba ambazo kukaa kwa muda mrefu ndiko kunakomwangamiza mtoto. Baba anapiga, au mjomba anaingia usiku. Hapo watu wetu hukimbilia kumhamisha mama na watoto, mhalifu akabaki na chumba, godoro na majirani wanaomsalimia. Anayestahili kutoka ni yeye. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini chumba cha kupanga kimeandikwa Baba Fulani kwenye daftari, naye akiondoka au akifa mama anaambiwa, "Mimi nilipangishana na mumeo." Majina mawili kwenye mkataba hayagharimu senti. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaja mzazi kuwa mwenye wajibu wa kumpa mtoto malazi. Basi kila mzazi anayebeba wajibu huo jina lake liwe kwenye karatasi ya malazi hayo.

Nani aanze? Bungeni ni mbali, ingawa huko ndiko notisi inakopaswa kupata meno ya sheria. Halmashauri ya Jiji inaweza kuanza na fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, igongwe mhuri wa mtaa bila malipo. Naomba tu fomu hiyo isigeuzwe mtego wa mapato. Mwenye nyumba akinusa kwamba mhuri unampeleka kwa watu wa kodi, atarudi kwenye daftari lake siku hiyo hiyo. Na mtu asituambie kwamba kila chumba hakifikiki: tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na anayeinunua LUKU mara nyingi ni mpangaji, akimlipia mwenye nyumba deni lake bila hata kuulizwa. Aliyeweza kufika chumbani kuchukua hiyo anaweza kufika kuacha fomu. Mtendaji wa mtaa naye angepita Septemba kwa wenye nyumba akiuliza nani anakitaka chumba chake mwakani, ili familia zinazoondoka zijulikane mapema, na kamati ya ulinzi wa mtoto ya mtaa wanakokwenda ipelekewe majina ya watoto kabla kirikuu hakijafika.